Bunduki Zilizoandikwa Jina la Anastazia

Matombo, Morogoro
1 Machi 1998

Shemeji Pius,

Anastazia amekufa. Amekufa Jumanne asubuhi, hapa hapa nyumbani, kitandani kwake. Tumemzika Jumatano ya Majivu. Padri alitoka kanisani akaja moja kwa moja kaburini, watu wakazika na majivu yao usoni.

Hatukuwa na njia ya kukungoja. Mvua imeondoka na daraja, simu haipatikani. Barua hii nampa mtu anayeshuka mjini kwa miguu, aifikishe duka la tajiri wako Sihaba, Kariakoo. Nasikia Sihaba akipanda ndege kuja huko China ataibeba.

Sasa kuna jambo la bunduki zako. Ulipokwenda Dar kubeba mizigo, polisi walisema bunduki haikai na mtu asiyekuwepo. Ukaziandikisha jina la mkeo, zote nne. Mwenye jina ndiyo huyo tumemzika. Na wewe ni Mluguru kama mimi, unajua mali ya mwanamke ni ya ukoo wake. Kwa hiyo kwenye karatasi bunduki ni zetu, na kijiji kizima kinajua ni zako. Wajomba wamekaa, wamesema ziuzwe. Yupo mzee mmoja mjini, alikuwa bwana nyama wa idara ya wanyamapori, sasa amestaafu. Anazitaka zote, hata ile mbovu ya Mjerumani. Nimewaambia mimi ni kaka wa marehemu na sitauza kitu cha mtu ambaye hajui hata kama mke wake amekufa. Wamekubali tungoje tumalize msiba, baada ya Pasaka.

Mwanao Mildred amehamia hapa na mume wake na watoto. Nyumba ni yake sasa, wajomba wamempa. Ufunguo wa chumba cha bunduki ninao mimi.

Nijibu. Tuuze au tusiuze.

Pole sana shemeji.

Kassian


Guangzhou
29 Machi 1998

Shemeji Kassian,

Barua nimepata. Sihaba alikuja nayo. Alinikuta na robota mgongoni, akasema weka chini kwanza. Nikaweka. Nikasoma nimesimama. Nikabeba tena.

Akasema pumzika leo. Nikamwambia nipumzike wapi. Chumba kiko ghorofa ya sita, nalala na Wakongo watatu, kutwa wanakaanga samaki wa chumvi wanagombana Kifaransa. Nikaendelea kufunga mzigo.

Mwenye godauni hapa Liuhua tunamwita laoban, ndiyo bosi kwa lugha yao. Aliona sura yangu. Akauliza kwa mikono, una nini. Mimi Kichina changu ni cha sokoni. Mke wanamwita laopo. Hakuna wanasema mei you, hilo unalisikia kutwa ukiuliza saizi. Nikamwambia laopo mei you. Akacheka. Akanipiga bega, akamnyooshea kidole dada anayeuza chai, yaani huyo hapo, oa. Yule dada naye akacheka. Na mimi nikacheka kidogo. Ndiyo matanga yangu hayo.

Bunduki msiuze. Hata moja.

Najua mnanicheka. Najua mnaniita jeshi la mtu mmoja. Ni kweli sijaleta nyama nyumbani hata siku moja. Shotigani nimeipiga mara mbili, mara moja mwaka mpya, mara moja kwa nguruwe pori, nikaua mgomba wako. Nilikulipa mgomba. Lakini kila mtu ana kitu anachokipenda. Wengine pombe. Mimi napenda chuma kilichotengenezwa vizuri. Napenda kuifungua, kuifuta, kuifunga, kusikia inavyoitika. Basi. Haina maana nyingine.

Gobore moja ya mjomba wangu. Gobore ya pili nilipewa nilipoezeka nyumba ya mtu akakosa cha kunipa. Ya Mjerumani nilikuta bibi mmoja anaegemezea mlango. Hiyo haipigi, chuma chake cha nyuma kimepotea tangu vita ya babu zetu, lakini mbao yake ishike uone.

Tena sikiliza. Huko kiwanja ni chenu. Shamba la wajomba. Nyumba ya Mildred. Dada zangu wote wamekwisha, kwetu Mkuyuni pamebaki kichaka. Bunduki ndiyo kitu changu pekee huko. Zikitoka mimi ni mgeni kama mgeni mwingine.

Zipake mafuta mwisho wa mwezi. Ya cherehani, si ya kupikia. Usimwage, dondoshea kwenye kitambaa. Zilaze, usizisimamishe. Anastazia alikuwa anajua.

Wiki hii Sihaba kanunua vitu vya watoto kule mtaa wa Yide Lu. Nimefunga maboksi ya bunduki za plastiki, ukiigusa inalia ndani ya boksi na haikubali kunyamaza. Nimefunga kutwa zinalia.

Jambo moja. Habari za bunduki umeandika mistari mingi. Alikuwa anaumwa nini hukuandika.

Shemeji yako
Pius


Matombo
26 Aprili 1998

Baba, shikamoo.

Mjomba Kassian amenipa barua yako niisome. Amesema nikujibu mimi kuhusu ugonjwa kwa sababu yeye hawezi.

Mama aliumwa tumbo tangu kabla ya Krismasi. Hospitali walimpa dawa, akapata nafuu, likarudi. Nilitaka kukuandikia. Alinikataza. Alisema huyo nikimwambia ataacha kazi aje kukaa hapa aniangalie ninavyokula. Alisema umebakiza mpaka Agosti, umalize mkataba wako uje moja kwa moja, yeye atangoja. Mwenyewe alikuwa anaamini hivyo, Baba. Usidhani alikuwa anaficha kufa. Alikuwa anaficha tumbo tu.

Bunduki alizipaka mafuta mpaka Januari. Mwezi wa mwisho hakuweza kuinama, akakaa kwenye kiti ananielekeza, si hapo, pale, Baba yako anataka mpaka kwenye kona. Mimi nashika nimegeuza uso. Siyapendi yale machuma. Mama naye alikuwa hayapendi, labda hujui. Alikuwa anasema yananuka kama meno ya mzee. Lakini akimaliza anafunga mlango anasema haya, mume wangu nimemwogesha.

Baba, naomba uziuze. Chumba kile kinatakiwa. Nimeshamwambia mjomba kitolewe kila kitu kabla ya Agosti, fundi anakuja. Vitu vyako vingine, koti, viatu, panga na redio, nimevifua na kuvifuta nikaviweka kwenye gunia safi, viko sebuleni. Havijapotea hata kimoja. Watoto wanaziogopa bunduki, na mimi silali vizuri najua ziko nyuma ya ukuta.

Msiba tulimaliza vizuri. Watu walikula wakatosheka.

Fikiria Baba. Usikasirike.

Mwanao
Mildred


Guangzhou
24 Mei 1998

Kassian,

Nimesoma barua ya Mildred.

Nakwambia kitu sijakwambia. Mama yangu alipokufa, baba yangu alikuwa ameishi kwenye ile nyumba tangu ujana. Msiba ulipokwisha wajomba zangu walimtolea vitu nje. Hawakumtukana. Jembe lake walilisafisha. Mkeka waliukunja vizuri wakaufunga kamba. Mmoja akamwambia, shemeji, havijapotea hata kimoja. Baba akashukuru. Akabeba akaenda kwa dada zake, akafia huko, sisi watoto tulikuwa tunakwenda kumsalimia kama jirani.

Kwa hiyo gunia safi nalijua.

Simlaumu mtoto. Nyumba yake. Mila ni mila, hata mimi ningekuwa mjomba ningefanya hivyo hivyo. Ila nilidhani nitaambiwa na mtu mzima.

Uzeni. Mpeni huyo bwana nyama achukue zote. Pesa yake mjengee Anastazia kaburi.

Agosti sirudi. Sihaba alikuwa anatafuta mtu wa kukaa hapa moja kwa moja, alinde godauni yeye akiwa Dar. Nimemwambia nitakaa miaka miwili mingine. Akaniuliza una hakika, we si ulikuwa unahesabu Agosti kama mwali. Nikamwambia nina hakika. Tumeshikana mikono.

Hapa mvua kila siku. Nguo hazikauki, navaa hivyo hivyo. Wakongo wawili wamerudi kwao. Aliyebaki anakaanga samaki peke yake.

Barua hii usimsomee Mildred.

Pius


Matombo
21 Juni 1998

Shemeji,

Nimemsomea Mildred. Nikufiche nini. Amelia mpaka mume wake akadhani kuna mtu mwingine amekufa.

Pius, hiyo barua ya mtoto uliisoma au uliikanyaga? Chumba kinatakiwa, sawa, kinatakiwa na nani? Ni chako. Cha kulala wewe. Kile cha kwako na Anastazia amekufia humo, Mildred akasema Baba akirudi hawezi kulala pale, nitamtengenezea kingine. Ndiyo maana fundi. Amesakafia kwa simenti, ametoboa dirisha upande wa bonde. Kitanda amechonga seremala wa hapa padri anapokaa, cha mninga, tumekipitisha mlangoni watu sita na bado kimekwaruza. Hakukuandikia kwa sababu alitaka ufike ukikute. Na kwenye gunia aliweka vitu vyako visipate vumbi la simenti. Hayo ndiyo makosa yake.

Baba yako walimtoa. Najua, nilikuwa mdogo nikamwona anapita na mkeka. Lakini wewe hukutolewa na mtu. Umejitoa mwenyewe, tena toka China.

Na mimi nina makosa. Nilisoma barua yake kabla hajaipeleka. Nikaona inaeleweka kwa sababu mimi nilishajua fundi anakuja kufanya nini.

Bunduki sikuuza, fundi alipoanza nilizihamishia kwangu kwa muda. Barua yako ilipofika yule mzee alishakuja na gari, ameziangalia, amezishika moja moja, ile ya Mjerumani ameinusa kama embe. Nikamwambia ngoja. Akasema kaka, mbona mnanifanya kama mchumba. Nikamwambia ngoja hivyo hivyo.

Lakini hatuwezi kungoja sana. Polisi wamekuja hapa. Wamesema silaha za marehemu hazikai ndani ya nyumba bila mwenyewe. Mwisho ni Agosti. Ama wewe uje usaini jina lako, uwepo, ukae nazo. Ama ziuzwe kwa mtu mwenye kibali. Kumwandikisha mtu mwingine kwa niaba hawataki tena, wamesema ndiyo mchezo tuliocheza mara ya kwanza.

Kwa hiyo sasa uamuzi ni wako kweli. Ukija, zinabaki, chumba kingine tutakipata, tutazitundika hata kwangu ukutani. Usipokuja zinauzwa. Njia ya tatu haipo.

Huyo Sihaba ni binadamu. Mwambie ulikosea. Mtu akishikana mkono kwa hasira, huo mkono si mkataba.

Njoo bwana. Nimechoka kukaa mwenyewe kwenye benchi, hakuna wa kumcheka.

Kassian

Baba, mimi Mildred. Sikujua kuandika vizuri. Njoo tu.


Guangzhou
20 Julai 1998

Mwanangu Mildred,

Barua yenu nimepata. Nilikusoma vibaya. Nilikuandikia maneno mabaya kwa mkono wa mjomba wako. Hukuwa na kosa.

Leo sikwenda kazini. Ngoja nikueleze, usisikie kwa mtu.

Wiki iliyopita nilimwambia Sihaba. Nilidhani atakataa. Alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini. Akasema, "Pius, we mwanamme kichwa chako kigumu kama nazi ya juzi. Mtoto amekuchongea kitanda, wewe umekaa hapa unalinda suruali za watu? Nenda kwenu." Nikasema tulishikana mikono. Akasema, "Mkono wangu nimeufungua. Mimi nasafiri Alhamisi ya wiki ijayo, tunaondoka wote. Huyu Mkongo aliyebaki atanilindia." Nilikuwa nimejiandaa anikatalie.

Nikaenda kununua begi pale stesheni. La magurudumu. Nikaweka nguo, nikaweka mafuta ya cherehani, ya hapa ni mazuri, meupe kama maji. Nikaweka gauni la mama yako nililonunua mwaka jana, nikalitoa, nikalirudisha, nikalitoa. Leo asubuhi laoban amekuja kuniaga, mtu amemwambia. Ameleta machungwa. Amekaa kitandani amemenya moja akanipa, akamenya jingine akala yeye. Akaenda.

Nikabaki na begi. Nikawa naiona safari. Nashuka kwenye gari, napanda ule mlima, napita kwa Kassian ananitukana kidogo, nafika uani. Wewe unatoka, watoto wanatoka. Unanipokea begi. Kila mtu yupo. Halafu naingia ndani.

Hapo nikashindwa, mwanangu. Nimekaa mpaka machungwa yamekwisha na nikashindwa.

Nilimwambia mjomba wako bunduki ndiyo kitu changu pekee huko. Nilikosea. Mama yako ndiye aliyekuwa wangu huko. Bunduki nilikuwa naziuliza kwenye barua ili nisimuulize yeye mambo ya moyoni, sisi hatukuzoea. Nikiandika je, zimepakwa mafuta, nilikuwa namuuliza habari zake. Na yeye akijibu zimepakwa, najua mzima. Kumbe hata alikuwa hazipendi. Sikujua. Miaka yote hiyo nilidhani tunazipenda wawili.

Huku mama yako hakuwahi kufika. Hakuna kiti chake. Napita barabarani sioni mahali aliposimama. Nabeba, nafunga, nakula, nalala. Huko kila kitu ni chake, mpaka kamba ya kuanikia. Sina nguvu hiyo sasa hivi. Mtu akiniuliza ni woga, ni woga.

Uzeni bunduki. Sasa hivi sisemi kwa hasira. Nimezifikiria moja moja. Zote zitoke, usibakize hata moja ya kumbukumbu. Ukibakiza, polisi watamtaka mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

Mwambie bwana nyama mambo haya. Gobore ya mjomba wangu inapiga kushoto, alenge kulia kidogo. Shotigani ni ngumu kufungua wakati wa baridi, asiilazimishe. Ya Mjerumani asiipake rangi mbao yake. Kama ni mtu wa kupaka rangi mrudishieni pesa yake, aache.

Anazo nyingine? Muulize. Kama anazo, nitalala vizuri. Zisiende kukaa peke yake.

Kitanda usikitoe. Watoto walale. Nikija watahama. Nitakuja lini sijui, nisikudanganye. Miaka miwili niliyosema, naomba unihesabie hiyo, ikipungua ipungue.

Machozi uliyolia kwa barua yangu nimeyasikia huku. Niandikie. Usiandike habari za bunduki. Niandikie watoto wanafanya nini. Niandikie dirisha la bonde linaona nini asubuhi.

Gauni nampa Sihaba alete. Litakutosha, mlikuwa kimo kimoja.

Nimemwangusha Sihaba, najua. Nimemfuata jioni nikamwambia siendi. Ameniangalia sana. Akasema, "Haya." Akasema marobota ya soko la Shisanhang yamefika yamelowa, yanatakiwa kufunguliwa na kuanikwa upya. Kesho narudi kazini.

Baba yako
Pius